Karatasi ya labo inaandika "albumine ++": mafigo yanasema nini?

Kunako vituo vya afya vya Kolwezi, siku ya CPN, wamama wanapanga mstari na vikopo vya mikojo mkononi. Bandeleti inaingizwa, dakika moja inapita, muuguzi anaandika kwenye kadi: "albumine ++". Upande mwingine wa mji, kijana anayetafuta kazi kwenye kampuni ya migodi anapewa karatasi ya uchunguzi wa kuanza kazi, nayo iko na alama ileile. Na mbali kule Musumba, teritware ya Kapanga, kwenye mji wa Mwant Yav, mzee mwenye miguu iliyovimba anaambiwa maneno mawili tu: "albumine iko".

Watu watatu, alama moja. Kwa yule mama, ni jambo la leo, halingoji kesho. Kwa kijana, pengine si kitu. Kwa mzee, pengine mafigo yalianza kuchoka miaka mingi iliyopita. Shida ni kwamba mara nyingi wote watatu wanarudi nyumbani bila kuelezwa wako kwenye hali gani. Mmoja anaogopa bure, mwingine analala usingizi wakati hatari iko mlangoni.

Kwanza, albumini yenyewe si ugonjwa wala si uchafu. Ni protini, aina moja ya vile vitu vya kujenga mwili, na kila mtu mwenye afya iko nayo nyingi katika damu. Kazi yake kubwa ni kushikilia maji ndani ya mishipa yasitoke ovyo. Ute wa yai umejaa protini ya ukoo huohuo, ndiyo maana jina lake limetoka kwenye neno la Kilatini la weupe wa yai. Kwa hiyo mtu anayesema "niko na albumine" anasema kweli, sote tuko nayo. Swali ni kwa nini imetoka kwenye damu na kuingia kwenye mikojo.

Mafigo mawili ya mtu mzima yanachuja karibu litre 180 za maji ya damu kwa siku moja. Karibu yote yanarudishwa mwilini, na kinachobaki, litre moja na nusu hivi, ndiyo mikojo. Ndani ya kila figo kuna vichujio vidogo sana, karibu milioni moja. Tundu zake zinapitisha maji, chumvi na takataka, lakini albumini ni kubwa, inabaki upande wa damu. Ile kidogo inayoponyoka inaokotwa na mirija iliyo mbele ya kichujio na kurudishwa. Kwa siku nzima, mtu mwenye afya anapoteza chini ya miligramu 150 za protini zote pamoja. Zikizidi hapo, ama kichujio kimetoboka, ama ile mirija ya kuokota imechoka. Hiyo tofauti kati ya kichujio na mirija ishikwe vizuri, kwa sababu kwa wakaaji wa eneo la migodi itarudi mbele.

Mambo haya si mapya. Mwaka 1827, daktari Richard Bright wa hospitali ya Guy's kule London aliandika juu ya wagonjwa wake waliovimba mwili. Kipimo chake kilikuwa rahisi mno: mikojo kidogo ndani ya kijiko, juu ya mwali wa mshumaa. Kama ina albumini nyingi, inaganda na kuwa nyeupe, sawa vile ute wa yai kwenye kikaango. Aliwafungua waliokufa na kuona mafigo yao yameharibika. Kipimo cha kuchemsha mikojo na kutia tone la asidi kilibaki kwenye labo nyingi kwa zaidi ya miaka mia moja, na pale bandeleti zimekwisha bado kinaweza kusaidia.

Bandeleti ya siku hizi ni kipande cha plastiki chenye vibandiko vya rangi. Kile cha protini ni cha njano. Kikikutana na albumini kinageuka kijani, na kadiri albumini inavyozidi ndivyo kijani kinakolea. Muuguzi analinganisha na rangi zilizo kwenye kopo. Alama moja, "+", ni karibu gramu 0,3 kwa litre. Mbili, karibu gramu 1. Tatu, karibu gramu 3. Nne ni zaidi ya hapo. Neno "traces" ni chini ya alama moja, na peke yake kwa kawaida halitoshi kumtia mtu wasiwasi.

Lakini bandeleti inapima uzito wa mikojo ya saa ile tu, haipimi siku nzima. Hapo ndipo watu wengi wanapotea. Tuseme mchimbaji, wale wanaitwa creuseurs, ameshinda ndani ya shimo tangu asubuhi, ametoka jasho, hajanywa maji. Mikojo yake ni michache na mizito, rangi kama chai. Protini kidogo ya kawaida ndani ya maji machache itaonekana nyingi. Tena kazi nzito yenyewe inafanya mafigo yapitishe protini zaidi kwa saa chache, sawa na kwa askari baada ya mbio ndefu. Homa inafanya hivyohivyo: mtu mwenye malaria kali anaweza kuonyesha "+" au "++", apone, na isionekane tena. Kinyume chake pia kiko: aliyekunywa chupa mbili za maji kabla ya kuingia labo anaweza kuficha tatizo la kweli, kwa sababu mikojo imekuwa nyepesi kama maji ya mto.

Kuna mambo mengine yanayodanganya rangi. Damu ya hedhi. Majimaji ya uke yaliyoingia ndani ya kikopo. Ugonjwa wa njia ya mikojo, wenye usaha. Kikopo kilichooshwa kwa dawa ya kuua vijidudu na kutosuuzwa. Bandeleti zilizopitisha tarehe, au kopo lililoachwa wazi wakati wa mvua, maana unyevu unaziua haraka. Na kuna muuguzi mwenye wagonjwa arobaini mbele yake, anayesoma rangi baada ya dakika tano badala ya dakika moja. Yote hayo yanatokea kila siku, wala si lazima mtu awe na nia mbaya.

Ndiyo maana kwa mtu mzima asiye na mimba, asiye na uvimbe, mwenye tansio nzuri, jibu la kwanza la "+" ni kupima tena. Si siku hiyo hiyo. Baada ya wiki moja au mbili, homa ikiwa imekwisha, bila kazi nzito siku moja kabla. Mikojo inayofaa ni ya kwanza ya asubuhi. Mtu anajisafisha, anaacha kidogo iende chini, anakinga ile ya katikati. Ikitoka safi mara mbili, kwa kawaida habari inaishia hapo. Ikibaki, na ikaendelea kubaki kwa miezi mitatu, hapo waganga wanaanza kusema ugonjwa sugu wa figo. Hiyo miezi mitatu haikuchaguliwa ovyo: inatenganisha kichujio kilichoshtuka na kichujio kilichoumia.

Mama mwenye mimba hayuko kwenye hesabu hiyo. Yeye hangoji wiki mbili.

Baada ya wiki ya 20 ya mimba, yaani mwezi wa tano hivi, kuna ugonjwa unaoitwa preeklampsia. Unaanzia kwenye kondo la nyuma, lile ambalo mtoto anapatia chakula, ambalo halikujishikiza vizuri kwenye mishipa ya mama. Kondo hilo linatoa vitu ndani ya damu vinavyoumiza mishipa ya mwili mzima: ya mafigo, ya ini, ya ubongo. Tansio inapanda. Vichujio vya figo vinavimba na kupitisha albumini. Mara nyingi mama mwenyewe hajisikii kitu, anafanya kazi zake, anaenda sokoni. Halafu siku moja kichwa kinamgonga kupita kiasi, macho yanaona ukungu au vimulimuli, anaumwa juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono vinavimba. Kama hakuna aliyeshughulika, anaanguka na degedege. Hiyo ndiyo eklampsia, wengine wanaita kifafa cha mimba. Na katika familia nyingi, mama akianguka hivyo, safari ya kwanza inakuwa ya chumba cha maombi au kwa mganga wa mizizi, kwa sababu inafanana na jambo la pepo. Maombi hayakatazwi. Lakini yafanywe njiani kwenda maternite.

Kipimo kinachoshika ugonjwa huo mapema ni viwili, na viende pamoja: tansio na mikojo. Tansio ya 140 kwa 90 au zaidi, iliyopimwa mara mbili kwa kupishana saa nne au zaidi, pamoja na albumini, inatosha kumfanya mama abaki chini ya macho ya mganga. Ikifika 160 kwa 110, ni haraka ya saa ileile. Jambo moja halijulikani sana hata kwa baadhi ya watumishi wa afya: albumini si lazima iwepo. Mama mwenye tansio ya juu, kichwa kinachouma na macho yenye ukungu yuko hatarini hata kama bandeleti imebaki njano kabisa. Kumrudisha nyumbani kwa sababu "mikojo iko safi" ni kosa linaloua. Vilevile kuvimba miguu peke yake jioni, bila tansio wala albumini, ni jambo la kawaida la mimba na halihitaji kumtisha mtu.

Dawa ya kuzuia degedege iko, na si ya gharama kubwa: salfeti ya magneziumu, sindano ya zamani. Mwaka 2002 ulitangazwa utafiti uliofanywa kwa wanawake karibu 10 000 katika nchi 33, uitwao Magpie. Ulionyesha kwamba dawa hiyo inapunguza hatari ya eklampsia kwa zaidi ya nusu. Zinaongezwa dawa za kushusha tansio zinazofaa mimba. Ila kinachomaliza ugonjwa wenyewe ni kuzaa, yaani kondo litoke. Ndiyo maana wakati mwingine madaktari wanamzalisha mama kabla ya mwezi wa tisa, na familia inakasirika kuona mtoto mdogo. Hata baada ya kuzaa hatari haiishi siku hiyo. Degedege inaweza kuja siku chache baadaye, mara chache hata wiki kadhaa. Mama aliyewahi kupata ugonjwa huo aseme mapema sana kwenye mimba inayofuata, kwa sababu kwa wenye hatari kubwa mganga anaweza kuanza aspirini kidogo kuanzia wiki ya 12.

Shirika la Afya Duniani, tangu mwaka 2016, linashauri mama akutane na watumishi wa afya mara nane kwa mimba moja. Wengi katika majimbo ya mashariki hawafikishi hata nusu. Safari ni ndefu, feza hakuna, kazi ya shamba inangoja. Kama ni lazima kuchagua, miezi mitatu ya mwisho ndiyo isiachwe, kwa sababu ndipo ugonjwa huu unaposhika wengi.

Turudi kwa wale wengine ambao albumini yao haiondoki. Mwaka 2007, siku ya Figo Duniani, watafiti wa Kinshasa walipima watu zaidi ya 3 000 waliojitokeza. Karibu 17 kwa 100 walikuwa na protini kwenye mikojo. Hao walikuwa watu wanaotembea mjini, si waliolazwa. Nyuma ya albumini ya namna hiyo, mara nyingi kabisa kuna wawili wanaojulikana: tansio na sukari. Vyote viwili vinatoboa kichujio polepole, bila maumivu, kwa miaka kumi au kumi na tano. Mgongo hauumi. Watu wengi wanadhani ugonjwa wa figo unajulikana kwa maumivu ya kiuno, na kila kiuno kinachouma wanasema "ni figo". Ukweli ni karibu kinyume: kiuno cha mchimbaji kinauma kwa sababu ya mizigo, na figo linalokufa linanyamaza. Povu jingi linalobaki juu ya mikojo bila kuondoka linaweza kuwa dalili. Uso unaovimba asubuhi pia. Lakini vikionekana, protini imeshakuwa nyingi.

Kuna wengine pia. Ugonjwa wa SS, drepanositoze, ambao Kongo ni moja kati ya nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa nao. Mafigo ya mgonjwa wa SS yanaanza kupitisha albumini akiwa bado kijana. Kuna virusi vya Ukimwi visivyotibiwa, na hepatiti B. Kuna kichocho, bilarzioze, kwa watoto wanaooga kwenye mito na mabwawa. Hapo mara nyingi protini inakuja pamoja na damu, na dawa yake inajulikana.

Kwa watoto kuna jambo moja ambalo bandeleti inasaidia sana. Mtoto amevimba uso na miguu, tumbo limejaa, wote wanasema "ni kwashi", anapewa unga wa soya na maziwa. Pengine ni kweli kwashiorkor. Lakini pengine ni figo linalomwaga albumini, na maji ya damu yanatoka nje ya mishipa kwa sababu hakuna cha kuyashikilia. Kwa macho wanafanana. Kwenye bandeleti hawafanani: mtoto wa kwashi kwa kawaida hana protini kwenye mikojo au iko kidogo sana, yule wa figo anatoa "+++" au "++++". Ni kipimo cha dakika moja, na dawa za watoto hao wawili hazifanani hata kidogo.

Kisha kuna sababu ambayo watu hawapendi kuisema mbele ya mganga: kujichubua. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi waliandika juu ya wagonjwa wazima waliovimba mwili na kumwaga protini nyingi. Walipouliza vizuri, zaidi ya nusu walikuwa wanatumia mafuta ya kung'arisha ngozi yenye zebaki. Zebaki inapita kwenye ngozi, inafika kwenye figo. Wengi walioacha mafuta hayo walipona. Mkataba wa kimataifa wa Minamata, wa mwaka 2013, umetaka mafuta ya namna hiyo yasitengenezwe wala kuuzwa baada ya 2020, lakini marufuku ni jambo moja na meza ya soko ni jambo lingine. Zebaki ileile ndiyo wachimbaji wa dhahabu kule Kivu na Ituri wanashika kwa mikono na kuchoma kwenye kikaango, tena wakati mwingine ndani ya nyumba watoto wakiwa karibu. Moshi wake hauna harufu ya kumfukuza mtu.

Na Kolwezi? Hapo swali la wakaaji ni moja: hii albumini, ni migodi?

Kuna mambo yaliyopimwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, pamoja na wenzao wa Leuven kule Ubelgiji, walitangaza mwaka 2009 kwamba watu wanaokaa karibu kabisa na migodi na viwanda vya Katanga ya kusini walikuwa na metali nyingi kwenye mikojo kuliko wale wa mbali: kobalti kuliko zote, lakini pia kadmiamu, risasi na uraniamu. Mwaka 2018 timu hiyo ilirudi na habari za Kasulo, ile kata ya Kolwezi ambako tangu 2014 watu walichimba kobalti chini ya nyumba zao wenyewe. Watoto wa Kasulo ndio walionekana na kobalti nyingi zaidi, na si kwa sababu wote walikuwa wanachimba. Vumbi lilikuwa ndani ya nyumba, sakafuni, kwenye sahani. Na utafiti wa Kinshasa na ule wa Lubumbashi umeonyesha kwamba wamama wenye preeklampsia walikuwa na risasi nyingi mwilini kuliko wamama wengine wenye mimba. Hiyo haisemi kwamba risasi ndiyo iliyowapa ugonjwa. Inasema viwili hivyo vilikutana, na kwamba jambo linafaa kufuatwa.

Sasa ile tofauti ya kichujio na mirija. Kobalti inajulikana zaidi kwa kuumiza moyo, damu na tezi ya shingo. Inayopenda figo ni kadmiamu. Inafika mwilini kwa vumbi, kwa mboga zilizokua kwenye udongo mchafu, kwa moshi wa tumbaku, na ikishaingia kwenye figo inakaa miaka kumi, ishirini, hata thelathini. Inatembea pamoja na zinki katika madini, na Kolwezi ilikuwa na kiwanda cha zinki kwa miaka mingi. Ila kadmiamu haianzi kwa kutoboa kichujio. Inaumiza mirija ya kuokota. Kwa hiyo protini zinazopotea kwanza si albumini. Ni zile ndogondogo, ambazo kibandiko cha njano hakizioni vizuri. Kule Japani, katika jimbo la Toyama, wakulima wa mpunga walionywesha mashamba kwa maji ya mto Jinzu yaliyopita kwenye mgodi wa Kamioka waliumwa hivyo: mafigo yalipoteza protini ndogo na chumvi za mifupa, mifupa ikalainika na kuvunjika. Ugonjwa ulipewa jina la itai-itai, yaani "inauma, inauma", na serikali ilikubali mwaka 1968 kwamba kadmiamu ndiyo chanzo.

Maana yake kwa mkaaji wa Kolwezi iko pande mbili, na zote mbili hazipendezi. Mtu mwenye "++" hawezi kuchukua karatasi hiyo peke yake na kusema kampuni fulani imemharibu figo. Mara nyingi zaidi itakuwa tansio au sukari, na akikimbilia kulaumu mgodi ataacha kutibu tansio. Na mtu aliyepimwa kwa bandeleti na kuambiwa "safi" hajaambiwa kwamba metali hazijamgusa. Kwa hilo kunahitajika labo inayopima kadmiamu na risasi zenyewe, na zile protini ndogo. Vipimo vya aina hiyo havipatikani kwenye kituo cha kata. Wakati kampuni au serikali inaleta timu kupima wakaaji wa kata iliyo karibu na kiwanda, swali la kuuliza kwenye mkutano ni hilo: mnapima nini hasa, bandeleti tu, au na metali pia? Bandeleti tu haiwezi kujibu swali la wakaaji.

Kule Musumba, ambako machimbo ya shaba hayako, mzee mwenye albumini hana haja ya kuanzia kwenye metali. Aanze na kipimo cha tansio, cha sukari, na cha kreatinini ya damu, kile kinachoonyesha mafigo yamebaki na nguvu kiasi gani. Penye labo kubwa kuna kipimo kingine kizuri, cha kulinganisha albumini na kreatinini ndani ya mikojo ileile. Hicho hakidanganywi na maji ambayo mtu amekunywa. Chini ya miligramu 30 kwa gramu ni sawa. Zaidi ya 300 ni nyingi. Mahali kisipopatikana, zamani walikusanya mikojo ya saa 24 ndani ya bidoni, na bado inafanya kazi, mradi mtu asisahau hata mara moja.

Matibabu yanafuata chanzo, hakuna "dawa ya albumine" kama wauzaji wengine wa farmasi wanavyodai. Mwenye tansio anashushwa tansio. Dawa kama captopril, enalapril au losartan zina faida ya ziada, zinapunguza protini inayovuja; lakini mwanamke mwenye mimba hazigusi kabisa, zinamdhuru mtoto. Chumvi ipunguzwe, na hapa kwetu chumvi iko pia ndani ya vile vipande vya bouillon na samaki wa chumvi. Mayai, maharagwe na nyama havikatazwi ovyo. Wengi wanamnyima mama mwenye mimba mayai ili "albumine ishuke". Haishuki, inabaki palepale na mama anadhoofika. Protini ya kwenye mikojo haitoki moja kwa moja kwenye sahani.

Kilicho kibaya kweli mara nyingi kiko mfukoni: vidonge vya kiuno na vya kichwa, diclofenac, ibuprofen, indometacin, vinavyouzwa moja moja kando ya barabara na kumezwa kila jioni baada ya shimo. Vinakaza mishipa inayolisha figo, na kwa mtu asiyekunywa maji ya kutosha, vinaweza kulizima kwa siku chache. Paracetamol kwa kipimo chake ni salama zaidi kwa figo. Na mizizi isiyojulikana, hasa ile ya "kusafisha figo", iachwe, kwa sababu baadhi ya mimea hiyo ndiyo yenyewe inayoharibu.

Dialize, mashine ya kusafisha damu, iko katika miji michache na bei yake inazidi uwezo wa familia nyingi. Tena ni mara mbili au tatu kila wiki, maisha yote. Kati ya "+" ya kwanza na mashine hiyo, kwa mtu mwenye tansio, mara nyingi kuna miaka kumi au zaidi. Kipimo cha tansio ni cha dakika mbili, na mtu aliyeandikiwa albumini anaweza kukiomba palepale kabla ya kutoka mlangoni.